Unga Mezani, Maziwa Dirishani

“Mama Revo, unga na maziwa vimegombana nini, mbona umevitenga hivyo?”

Selina, jirani wa ukuta mmoja pale Igogo, aliuliza hivyo Jumamosi moja alipoingia kuomba kiberiti. Alikuta mabakuli mawili yamefunikwa vitambaa, moja mezani, jingine dirishani.

Wilhelmina akacheka kidogo. Bakuli la mezani lilikuwa na unga, sukari na magadi soda. La dirishani, maziwa mgando.

“Havijagombana bado,” alisema. “Vikikutana ndipo ugomvi unaanza.”

Alifundishwa na mtawa mmoja, miaka ile alipokuwa mpishi wa parokia. Uchachu wa maziwa ukigusa magadi, vinashikana papo hapo na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Ni dakika chache tu. Vikishamalizana, uchachu huuonji tena, na magadi nayo hayapo. Kinabaki kitu cha chumvichumvi na maji. Mapovu yakipasuka hayarudi. Kwa hiyo sufuria iwe imeshapata moto, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ndipo umimine maziwa.

Tangu amzike mumewe, Wilhelmina hajipikii keki. Mtu mmoja keki ya nini? Hupika tu pale Revocatus, mwanawe wa pekee, fundi wa injini za boti huko Nansio, ng'ambo ya ziwa, anapopiga simu kusema anakuja. Hutaka aikute ya moto, kama zamani akitoka shule. Basi husubiri honi ya meli. Ikilia, anafanya ishara ya msalaba, anamimina. Mtoto akibisha hodi, keki inaepuliwa.

Siku ile honi ililia saa tisa. Selina alikuwa bado amekaa, kiberiti mkononi. Wilhelmina akamimina, akakoroga, na unga ukaanza kuvimba kwa sauti ndogo ya mapovu. Alikuwa ananyanyua bakuli kwenda jikoni simu ilipotoa mlio. Akausoma ujumbe amesimama.

“Shikamoo mama. Kazi imebana, leo sikupanda meli. Labda wiki ijayo.”

Aliketi, bakuli mapajani. Ilikuwa mara ya tatu tangu Pasaka. Selina alisema pole, akasema maneno mengine pia, lakini Wilhelmina alikuwa anatazama mapovu yakipasuka moja moja mpaka unga ukalala kimya kama uji uliopoa.

“Pika tu, Mama Revo,” Selina alisema mwishowe. “Mimi nina mdomo.”

Hapo ndipo alipokosea, mpishi wa miaka yote hiyo. Alichota kijiko kingine cha magadi, akakitia, akakoroga kwa nguvu. Hakuna kilichovimba. Keki ilitoka bapa, ya manjano. Selina akatafuna taratibu.

“Dada yangu, hii ni keki au umenipa kipande cha sabuni?”

Wakacheka wote wawili, Wilhelmina mpaka akajifuta macho kwa khanga, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

“Uchachu ulikuwa umeshaisha,” alisema. “Magadi ya pili hayakumkuta mwenzake. Yamekaa humo yenyewe.”

Selina alipoondoka, Wilhelmina alikata kipande akakila, maana hakulelewa kutupa chakula cha Mungu. Kilichobaki alikifunika.

Kesho yake, baada ya misa, alikaa kwenye ngazi ya kanisa watu walipokuwa wakitawanyika na watoto wao. Akapiga simu Nansio. Revocatus alipokea, akaamkia, akaanza kueleza habari za injini ya mteja. Mama yake alimwacha amalize yote. Hakumlaumu, wala hakumtajia ile sabuni.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Naomba kitu kimoja tu. Siku ukiona huji, niambie asubuhi, kabla sijachanganya.”