Kwa Nini Tunaitwa Kunguru

Msabaha fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Ukimpelekea kanzu aipunguze mikono, atataka kwanza kujua nani aliyeishona, na ilikuwaje akakosea. Watu wa Bagamoyo walikwishamzoea. Lakini mwaka 1954, Idi ikiwa inakaribia, alikutana na swali ambalo mji mzima ulilikwepa, na likamnyima raha.

Mikidadi, mwenyekiti mpya wa timu ya mpira, alimletea kitambaa cha jezi.

"Safari hii usiandike Kunguru. Andika Nyota ya Pwani. Kunguru mwizi wa dagaa, bwana! Tumekosa ndege?"

Msabaha aliumia. Marehemu baba yake, Mwinyijuma, alikuwa miongoni mwa walioianzisha timu ile, na ndiye aliyeling'ang'ania jina hilo. Sababu hakuitaja mpaka anaingia kaburini.

"Na nikikueleza lilikotoka?"

"Likiwa na sababu ya maana, Ijumaa baada ya sala tueleze sote barazani, tutaliacha libaki. Ukikosa, shona Nyota."

Basi akaanza kuzunguka. Mchezaji mmoja wa zamani alimwambia jina limetokana na kaptura nyeusi. Mwingine akaapa kwamba kaptura zilikuwa za kaki. Mzee Sadallah, aliyekuwa beki wa kuogopwa, alipoulizwa akakumbuka ghafla kuwa ana kuku wa kuwafungia bandani. Kuku hakuwa nao, banda hakuwa nalo. Msabaha akarudi nyumbani akiwaka kwa hamu ya kujua.

Alimkuta mama yake, Bi Kibibi, anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshawamaliza wazee wa watu?"

"Mama, kwenu Kaole, na mechi ya kwanza ya timu ilichezwa Kaole. Ulikuwepo?"

Bi Kibibi akakiweka chini kifuu. "Baba yako alinikataza kusema angali hai. Tangu afe nangoja uniulize. Umezunguka mji wote, mama yako umemfanya wa mwisho!"

Akamweleza. Mpira ulikuwa mmoja tu, wa ngozi, mali ya timu ya mjini. Sadallah aliupiga kwa nguvu, ukapaa juu ya vichwa vya watu, ukaangukia kwenye makaburi ya kale, pale watu wanapofukiza ubani na kuweka nadhiri. Mmoja akasema wazee waliolala pale wamekasirika. Weee! Timu ya mjini ilitimua mbio, nguo zao wameziacha chini ya minazi.

"Sisi wanawake wa Kaole tukawaimbia: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi ndiye niliyeuanzisha wimbo."

"Na baba?"

"Alikuwa wa mbele kabisa."

Kwa mara ya kwanza maishani Msabaha alijuta kuuliza. Baba yake, ambaye alimwona shujaa!

"Sijamaliza," mama akasema. "Mpira niliufuata mimi. Pale nilikuwa nikifagia kila Alhamisi, siwaogopi. Asubuhi yake nikasikia hodi. Ni yeye, peke yake, anatetemeka. Akasema, nimekuja kuwaombea radhi wenzangu wote, na mpira kama upo nauomba. Nikampeleka makaburini. Akasoma Fatiha. Kisha nikampa mpira wake. Hazikupita siku nyingi akarudi na wazee wake, kuja kuniposa."

"Na jina la matusi akalitakia nini?"

"Alisema, tulikimbia, basi tusijifanye hatukukimbia."

Msabaha hakulala vizuri. Akisema, atawaaibisha wazee mbele ya vijana, na baba yake pamoja nao. Asiposema, ataling'oa kwa mkono wake jina ambalo baba yake alilitetea.

Ijumaa alisema. Alisema yote, hata ile "wa mbele kabisa". Vijana wakacheka. Wazee wakainamia mkeka. Mzee Sadallah akainuka kwa taabu, na Mikidadi akajiandaa kuamua ugomvi.

"Mwinyijuma alituambia mpira ameuokota njiani," Sadallah alisema. "Mimi ndiye niliyeupiga. Sikumwambia mtu, lakini tangu siku ile sijakanyaga Kaole. Dada yangu kazikwa kule, sikwenda. Niliamini wazee wale wananingoja mimi."

Hakuna aliyecheka tena.

"Kumbe alikwishaniombea radhi siku ya pili yake," akasema, machozi yakimtoka bila kuyaficha. "Wala hakunitambia hata mara moja."

Mzee Sadallah akamshika Msabaha bega.

"Shona Kunguru, mwanangu. Kisha unipeleke kwa dada yangu."