Midomo Myekundu kwa Bei ya Mbuzi Wawili

Mbuzi wawili wa mahari ya binti ya kaka yangu: hiyo ndiyo bei niliyolipia midomo myekundu.

Muuza dawa ya kupaka midomo iwe myekundu, sokoni Baraka, alinionya: "Mama, ukishapakala hii, usiikale ku jua." Nilikuwa nabishana bei, nikaitika tu. Kesho yake nikashinda juani kando ya ziwa nikianika ndagala, dagaa wetu. Jioni midomo ikavimba hata kusema nikashindwa.

Na wakwe wameshafika kuongea mahari, wameshuka kutoka Fizi kwa miguu wakikwepa vita! Kwetu baba ya binti hasemi. Msemaji ni mimi shangazi, na nikinyamaza, nimekubali. Nikajifunga kitenge mdomoni, nikasingizia jino. Wakataja mbuzi sita. Sisi tulipanga nane. Nikatoa macho tu.

"Shangazi amekubali!" wakapiga makofi.

Mama ya bwana arusi akanihurumia, akaja na karafuu, akashusha kitenge.

"Mama yangu!" akashtuka. "Jino gani inavimbisha midomo yote mbili?"

Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa kaka. Sasa niambieni, wenzangu: mbuzi wale niwadai kwa wakwe, ama nimlipe kaka mimi mwenyewe?