Suruali ya Baiskeli ya Fundi Nasur

Fundi Nasur Adrisi alikuwa akijisifu kwa jambo moja tu, nalo ni jicho lake. Mteja akikanyaga baraza ya duka lake pale mjini Mbale, Nasur alikuwa ameshajua kiuno chake ni inchi ngapi na bega lipi limeshuka kuliko lenzake. Tepu aliivaa shingoni kwa heshima tu. Kiuno kimoja ndicho kilichompita bila kukiona, nacho ni chake mwenyewe. Miaka thelathini ya kukaa kwenye cherehani, chai ya maziwa yenye sukari asubuhi na jioni, na chapati alizokula huku akiapa kwamba hizi ni za mwisho, vyote hivyo vilimjengea tumbo lililokuwa likifika mezani kabla yake.

Mwaka jana muuguzi wa zahanati alimpima sukari, akaangalia namba, akampima tena.

"Mzee, utembee," akamwambia. "Nusu saa, kila siku."

Kutembea Mbale! Nasur alijaribu mara moja. Kila hatua kumi alisimamishwa na mtu anayeulizia kanzu yake, au gauni la gomesi la mkewe, au sare za watoto zilizotakiwa ziwe tayari tangu kabla ya Idi. Akarudi nyumbani amechoka kwa kuomba radhi, si kwa kutembea. Ndipo lilipomjia wazo la baiskeli. Mwenye baiskeli hupunga mkono akapita.

Baiskeli aliipata kwa jamaa yake wa Namatala, nzito kama kitanda cha chuma lakini yenye breki zinazoshika. Habari ya nguo hakuifikiria hata kidogo. Yeye fundi, atashindwaje na nguo? Siku ya kwanza akavaa suruali yake ya suti ya kijivu, ile pana chini, maana hakutaka mji umwone amevaa ovyo. Alipofika karibu na mnara wa saa, mguu wa kulia wa suruali ukaingia kwenye mnyororo. Hakuanguka kwa kishindo. Aliinama upande mmoja polepole, yeye na baiskeli, kama mtu anayejilaza kitandani, mpaka wote wawili wakawa chini. Mwuza ndizi mmoja akaja kumnasua, kisu chake cha kazi mkononi.

"Nikate?" akauliza.

"Ngoja kwanza," alisema Nasur akiwa bado amelala kwenye lami. "Kuna namna ya kufuata mshono."

Mwuza ndizi hakufuata mshono.

Siku ya pili akavaa jinzi, nguo inayobana, isiyoweza kuingia kwenye mnyororo. Na kweli haikuingia. Lakini pale miguu inapokutana jinzi ina mshono mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, na Nasur aliukalia mshono huo kutoka sokoni hadi eneo la viwanda, kisha akaukalia tena wakati wa kurudi. Siku tatu zilizofuata alishona akiwa amesimama. Wateja walidhani ni mtindo mpya wa kazi. Mkewe, Juwairiya, hakudhani hivyo.

"Baba Hakim, kaa ule."

"Nimekaa sana katika maisha yangu."

"Sijakuuliza. Kaa."

Akakaa, kwa upande mmoja, na uso alioukunja ulimweleza Juwairiya yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Maumivu ya makalio yalipoa. Yaliyobaki ni maumivu ya ufundi. Nasur akaapa kushona suruali ya baiskeli ambayo mji haujawahi kuiona. Akachagua kitambaa cha draili nene ya khaki, ile ya sare za walinzi, ili isichanike. Kila mshono akaupitisha mara mbili. Akatia mifuko sita. Ubavuni akashusha utepe mwekundu, kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua. Na mahali pa kukalia akaweka sponji ya kochi, unene wa vidole vitatu.

Juwairiya akaishika suruali ile, akaibinya. "Hii ni ya kuvaa au ya kukaribishia wageni?"

"Mama Hakim, mambo ya nguo niachie mimi."

Alizunguka nayo mji nusu saa nzima, jua likiwaka, na hakuumia. Aliposhuka alitembea kama bata, miguu ikiwa mbalimbali, lakini hakuumia. Kichwa kikamvimba hata akampigia simu Manjit.

Manjit alikuwa mteja wake wa siku nyingi, Singasinga wa Jinja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Suti yake ya harusi ilishonwa na Nasur, na tangu hapo hakutaka kusikia fundi mwingine. Kila Jumapili Manjit na wenzake walipanda baiskeli kwa raha zao tu, wakatoka mjini kufuata mto.

"Njoo, fundi," Manjit akasema. "Sisi tunaenda polepole. Nguo unayo?"

"Nguo?" Nasur akacheka. "Bwana Manjit, nguo utaniomba wewe."

Jumamosi akapakia baiskeli juu ya basi, akalala kwa jamaa zake Jinja, na asubuhi akatokea dukani kwa Manjit ndani ya khaki yake. Aliwakuta watu sita. Wote walivaa bukta za kubana za kitambaa chepesi, wengine wakiwa wamezifunika kwa kaptula pana. Juu fulana nyepesi, mikononi glavu zisizo na vidole, kichwani helmeti, isipokuwa Manjit aliyefunga kilemba kidogo cha mazoezi. Walimtazama Nasur toka juu hadi chini, wakausoma na ule utepe mwekundu.

"Afande," mmoja akamuuliza kwa adabu kabisa, "zamu yako imekwisha?"

Wakamwazima helmeti, wakashika njia ya vumbi ya kwenda Budondo, mto ukiwa kushoto kwao. Kilomita tano za kwanza Nasur alijiona mfalme aliyekaa kitini pake. Kisha mvua ikaja, kwa namna ya mvua za Jinja, ambazo hutoka ziwani bila kubisha hodi na unazigundua zikiwa mgongoni tayari. Wenzake walilowa wakaendelea, maji yakiteleza juu ya nguo zao. Kwenye sponji hayakuteleza. Sponji iliyanywa. Ilikunywa mvua yote ya upande ule wa Busoga, hata suruali ikaanza kumvuta chini kama mtoto anayelilia kubebwa. Akaukaza mkanda hadi tundu la mwisho. Kila alipokaa maji yaliruka pande zote mbili, pwaa, na kila alipoinuka sponji ilivuta mengine. Draili nayo ikakakamaa kama turubai, na ile mishono ya mara mbili ikaanza kumla mapaja.

Walijibanza kwenye baraza ya duka moja kando ya njia. Mama aliyekuwa akikaanga chapati pale alimwangalia Nasur akishuka, akausikiliza mlio wa suruali, akaacha chapati iungue.

"Mzee, wewe iko na dumu ndani ya suruali?"

Watu sita wakajikaza wasicheke. Nasur aliona jinsi kujikaza kule kunavyowaumiza, akawahurumia.

"La lita ishirini, mama," akajibu. "Ukitaka maji ya chai, sema tu nikae."

Hapo baraza yote ikaangua kicheko, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ingawa akilini alikuwa akimwona Juwairiya akibinya ile sponji.

Kicheko kilipokwisha, Manjit akamvuta kando, akatoa mfukoni mwa baiskeli yake bukta ya akiba.

"Fundi, leo nisikilize mimi. Mto wake wa kukalia ni mwembamba, unaona? Umeshonwa bapa, katikati hakuna mshono. Kitambaa kinakauka upesi. Kinabana ili kisisugue. Juu yake unavaa kaptula pana, heshima yako iko palepale. Na ndani huvai kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote."

"Hata ..."

"Fundi, mshono wa chupi ndio unaochuna ngozi."

Nasur akaugeuzageuza ule mto mikononi, na mara aibu mpya ikampanda, kubwa kuliko ya mvua. Mto huu aliujua. Miaka miwili nyuma alifungua robota la mitumba akakuta bukta tatu za namna hii, akadhani ni za wagonjwa wasioweza kuzuia mkojo. Aliikata ile mito, akaipigilia ukutani dukani, na hadi siku hiyo ndimo alimochomeka pini zake. Alipomsimulia Manjit, Manjit alilazimika kutafuta mahali pa kukaa.

Akaenda kubadilisha nyuma ya duka. Aliporudi alikuwa akitembea kwa mashaka, na Manjit akanena taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Fundi. Umevaa mbele nyuma."

Basi fundi wa miaka thelathini, mwenye jicho linalopima kiuno kutoka barazani, akarudi nyuma ya duka kuigeuza nguo. Mama wa chapati aliomba ile sponji, aitie kwenye benchi lake, na Nasur akaifumua palepale akampa. Manjit akachukua spana, akashusha kidogo pua ya kiti cha baiskeli ya Nasur iliyokuwa imeangalia mbinguni.

Mvua ilianua, wakaendelea. Bukta ilimbana tumboni kama kifuniko cha chupa, kwa kuwa Manjit ni mwembamba, lakini huko chini hakuhisi kitu, si mshono, si maji, si moto. Walipofika mahali mto unapoonekana wote, mpana na wa kijani, Nasur aliutazama muda mrefu. Alitambua kwamba tangu aipate baiskeli hajawahi kutazama chochote; mawazo yake yote yalikuwa kwenye makalio.

Mbale alirudi akajisimulia mwenyewe kabla hajasimuliwa. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa ukuta wa pini. Kisha akaanza upya kwa unyenyekevu: kitambaa chepesi kinachovutika, kipande cha msamba chenye pembe nne ili mishono isikutane katikati, mto mwembamba, ulastiki mpana kiunoni. Bukta ya kwanza ilimpandia mapajani. Ya pili ilimtia upele. Ya tatu aliivaa wiki nzima, akasahau kwamba ameivaa, akaenda nayo hadi zahanati chini ya kanzu. Namba ya sukari ilikuwa imeshuka. Muuguzi hakuipima mara mbili.

Juwairiya ndiye aliyemshangaza. Jioni moja alileta kitambaa cheusi chepesi, akakitupa juu ya cherehani.

"Nami nishonee. Pana juu, chini ulastiki, dera langu fupi lipite juu yake. Na mimi baiskeli nilipanda kabla yako, nikiwa shuleni."

Hiyo Nasur hakuijua katika miaka yote ya ndoa. Alishona, naye Juwairiya akaazima baiskeli ya dada yake. Jumapili wakatoka asubuhi kwenda eneo la viwanda, ambako siku hiyo malori hayaendi. Juwairiya alianza kwa kuyumba, akanyooka, kisha akaondoka. Nasur alikanyaga akihema, akiona kitambaa cheusi kikipungua mbele yake, hakuna mshono uliovutika, hakuna pindo lililokaribia mnyororo. Alimkuta amesimama kwenye lango la kiwanda, mguu mmoja chini, akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Ulastiki wa kushoto unanibana," akasema. "Kesho ufumue."

"Sawa," Nasur akajibu, mara tu alipopata pumzi ya kujibia.