Siku Taya Langu Lilipofunga

Asubuhi ile niliamka Ubaruku, nyumbani kwa wakwe zangu, nikachukua mswaki wa mti nisugue meno, mdomo ukakataa kufunguka. Nilidhani ni usingizi bado. Nikalisukuma taya kwa mkono. Likashuka kidogo, nafasi ya kupitisha ncha ya kidole, kisha likakwama kwenye kitu fulani ndani, karibu na sikio, na maumivu yakanipanda hadi utosini.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka Uyole kuja kusaidia mavuno ya mpunga. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yangu mzazi. Shavu na sikio la kushoto vilikuwa vikiniuma tangu masika. Kule Uyole mganga wa zahanati alikwisha kuning'oa gego la upande huo. Maumivu yalipobaki palepale, akasema basi ni jirani yake, akaling'oa na hilo. Nani angebisha? Mwenye koleo ni yeye.

Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele. Nikamwendea, nikasema kwa meno yaliyofumbana, "Mama, mdomo haufunguki."

Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukamwagika. Alinitazama kana kwamba nimetoka kaburini. Kitindamimba wake alikufa mchanga kabisa. Alianza kwa kushindwa kunyonya, taya limemkaza hivyohivyo.

"Pepopunda!" alipiga yowe. "Jamani, pepopunda imeingia kwangu tena!"

Wanawake wakaja mbio kutoka mashambani, miguu ina matope. Walinikalisha mkekani, wakanizunguka, na kilio kikaanza. Nilisikia mmoja akisema, "Maskini, hata mtoto hajaacha." Nilikuwa nimekaa katikati ya msiba wangu mwenyewe. Nikataka kuwaambia, jamani, mimi mzima, lakini yalitoka manung'uniko tu, na kila nikinung'unika wao wakazidisha kulia. Mwishowe hata mimi nikaamini. Nikaanza kuhisi shingo inakakamaa, na mgongo nao.

Mume wangu alipata lori lililopakia mchele kwenda Iringa, wakatupandisha juu ya magunia. Mama mkwe alinishika mkono mpaka lori likaanza kuondoka. Hakuniambia nenda salama. Alisema, "Mungu akupokee, mwanangu."

Neno hilo nilikwenda nalo njia nzima, vumbi likitupiga, na baadaye baridi ya nyanda za juu.

Katika hospitali ya misheni tulipokewa na daktari wa kike, Mzungu wa makamo, Kiswahili chake cha polepole lakini kinaeleweka. Aliniuliza kama nimechomwa na mwiba au msumari, kama nina kidonda popote. Hapana. Akanikunja shingo, akanibonyeza tumbo, akaninyanyua miguu.

"Shingo laini, tumbo laini," alisema. "Hii si pepopunda."

Mume wangu akamwomba aseme tena.

Kisha daktari akaniwekea vidole mbele ya masikio yote mawili. "Fungua. Funga. Fungua tena." Muuguzi, mama mmoja wa Kihehe, akanishikia kioo. Nikaona kidevu changu kikienda kombo upande wa kushoto, kama mlango ulioshikwa na bawaba moja tu. Sikuwahi kuliona jambo hilo. Daktari akanibonyeza msuli wa shavu, nikaruka kitini.

"Hapa ndipo ugonjwa ulipo, mama. Msuli huu, na kiungo hiki kinachoshika taya na fuvu. Kabla hakijakwama, kilikuwa kinalia ukitafuna?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kilikuwa kinalia ka, ka, hata waliokaa karibu walisikia.

Akamgeukia mume wangu. "Na akilala, unasikia nini?"

Mume wangu aliangalia mikono yake. "Anasaga meno, daktari. Kwa nguvu. Tangu tulipomzika mama yake."

Nilimkodolea macho. Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja na hakuniambia!

"Wazee wanasema mtu hasemwi kwa anayoyafanya usingizini," alijitetea. "Niliogopa kukutia simanzi."

Nikamuuliza daktari, kwa shida, kuhusu magego yangu mawili. Akasema hakuyaona, hawezi kuyasemea, lakini maumivu yale hayakutoka kwenye meno. Nikapeleka ulimi kwenye pengo. Hapo ndipo machozi yalipotoka, si kwa maumivu.

Walinilaza siku kadhaa. Muuguzi alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikala uji na viazi vilivyopondwa, na daktari akanifundisha kulifungua taya taratibu, kwa kipimo, bila kulilazimisha. Mahindi ya kuchoma alinipiga marufuku.

Tuliporudi kwa lori jingine nilikuwa naweza kuingiza kidole na nusu. Nikamuuliza mume wangu, "Kuna jambo gani jingine nalifanya usingizini ambalo hukuniambia?"

Akasema, "Unamwita mama yako. Unamwomba akungoje."

Mchana nilikuwa sijamlilia tangu matanga, na watu walinisifu kwa uvumilivu wangu. Nilimshika mkono mpaka Makambako.

Kule Ubaruku mama mkwe aliponiona nikishuka alirudi nyuma hatua kadhaa, kiganja mdomoni. Nikaufungua mdomo wangu kadiri ulivyokubali, nikamwambia, "Mama, naomba uji." Akaanguka magotini pale pale barabarani, akicheka na kulia.

Taya lilifunguka lote kabla ya mvua za mwaka ule. Mpaka leo linalia nikipiga miayo, na mume wangu, akinisikia nasaga meno, hunigusa bega na kuniita jina mpaka niamke.