Nimemfuata mume wangu hadi Landless

Kila Jumapili anaenda kumwona mamake mtaani Landless, anarudi macho mekundu.

Jana akajigonga kidole, akasema “aigoo!” Sasa nani anamfunza Kikorea?

Leo nikamfuata. Mlangoni kwa mama mkwe nikasikia mwanamke akilia. Nikaingia bila kubisha.

Mume wangu na mamake wamejifunika blanketi moja, wanalia mbele ya TV. Drama ya Kikorea!

“Mama Njeri, keti,” mama mkwe akaniambia. “Huyu kijana anaenda jeshi na hajamwambia msichana anampenda.”

Mume wangu akaninong’oneza, “Tangu baba afariki, mama hapendi kuitazama peke yake.”

Nikaketi. Wakanisogezea blanketi.

Lakini wasee, mbona alinificha? Nyinyi mngemuuliza, ama mngenyamaza?