Yai Lenye Mwiba

Asubuhi za kiangazi huwa nawatia konokono wa majini kwenye glasi za maji, nazipanga dirishani mwa maabara yetu pale Same, kisha nasubiri jua. Konokono mwenye vimelea vya kichocho akipata joto huviachia. Maji yaliyokuwa matupu yanaanza kuishi: vitu vidogo mno, vyenye mikia iliyopasuka ncha, vinapanda, vinatulia, vinashuka taratibu kama ukungu unavyotelemka milimani kwetu. Vinatafuta ngozi ya mtu. Nimevitazama karibu maisha yangu yote ya kazi, na hadi leo chai hupoa mezani nikiwa nimeisahau.

Konokono hao nawaokota kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, tambarare, chini ya kijiji cha Mamba nilikozaliwa. Nyumbani tulilima tangawizi, ila baba, kama wazee wengi wa kwetu, alikuwa na jaruba lake la mpunga huko chini, na tangu ujana alishuka kulipalilia, miguu ndani ya maji kutwa nzima.

Siku moja mvua za vuli zilipochelewa nilipanda bodaboda kwenda kumwona. Tangu mama afariki aliishi peke yake. Nilimkuta barazani anapukuta udongo kwenye tangawizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wadudu wako hawajambo?"

Hakuchoka kunitania hivyo. Lakini tukiwa tumekaa aliinuka kwenda chooni, akarudi, akainuka tena, na aliporudi alikuwa ameushika ukuta. Nikamuuliza swali ambalo kwetu binti hamuulizi baba yake.

"Baba, unakojoa damu?"

Ukungu ulikuwa unaingia uani, ukaifunika migomba, ukaifunika njia, mpaka nikawa namwona baba kama mtu aliye mbali. Humo ndani ya ukungu ndimo alimosema, "Tangu mama yako yu hai. Huja, ikaenda zake. Nikasema ni uzee unanianza mapema."

Nilimshusha Same. Mimi mwenyewe nilichuja mkojo wake, nikaweka kichujio kwenye kioo, nikainamia hadubini. Yai lilikuwa pale, refu, angavu, na mwiba nchani. Mayai ya namna ile nilikwisha kuyaona kwa watoto wengi wa shule, lakini kamwe si kwa mtu ambaye sauti yake ndiyo iliyonifundisha kusema. Mikono iliendelea na kazi. Mimi nilikuwa kama mtu anayejiona ndotoni.

"Hebu nione," baba alisema.

Akavua kofia, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Lina mwiba."

"Huo ndio unaochana, baba. Ndiyo sababu ya damu."

"Na aliyelitaga yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba minyoo wenyewe wanakaa kwenye mishipa karibu na kibofu. Dume ana mfuo mwilini, jike hulala humo, na wakishakutana huweza kuishi hivyo miaka mingi.

Hakuinua uso. "Miaka yote hiyo wamekumbatiana?"

"Ndiyo, baba."

"Ndani yangu?"

"Ndani yako."

Alinyooka polepole. "Kumbe nyumba yangu haikuwa tupu kama nilivyodhani," akasema, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi. Nilicheka naye, ingawa sikujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Hospitalini walimpima urefu ili wajue vidonge vingapi vinamtosha. Akavimeza na uji. Mchana ule alilala kwangu, mkono juu ya tumbo, pazia likipepea, nami nikakaa kando yake nikisikiliza anavyohema. Niliwawaza wale wawili mle gizani, dawa ikiwafikia, wakianza kulegea na kuachiana. Kazi yangu ni kuwamaliza, lakini saa ile niliwaonea huruma kidogo.

Alipopimwa tena baadaye, mayai hayakuwepo. Kibofu kilikuwa na makovu, lakini daktari hakuona la kutisha.

Kisha baba akafanya jambo nisilomtuma. Kwenye mkutano wa kikundi chao cha wakulima wa tangawizi alisimama, akasema kwa Chasu, lugha yetu, bila kuishusha sauti, kilichokuwa kinamtoka na alichokiona kwenye hadubini. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Hiyo dawa ni chungu?"

"Chungu haswa," baba akamjibu. "Kunywa na uji."

Wakaomba sisi wa maabara tupande Mamba. Tukaweka hadubini kwenye ghala lao, karibu na dirisha, katikati ya magunia, harufu ya tangawizi imetujaa puani. Nje wazee walikuwa wamepanga foleni, wamevaa makoti yao ya kuendea kanisani, hakuna anayemtazama mwenzake. Wa kwanza aliingia, akanikabidhi kikopo chake kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayetoa maziwa. Nikakipokea hivyo hivyo, kwa mikono miwili.