Upepo wa Mwalimu Mkuu

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeingia korido ya tatu, na msafiri bado hakujua mguu wake uliovunjika unapelekwa wapi. Alizoea kuingia miji migeni kwa miguu yake mwenyewe. Leo aliingia wodi ngeni akiwa chali, akizitazama taa za dari zikipita moja moja. Walimsogeza karibu na dirisha, wakamwambia, "Hapa ndipo kwako," kana kwamba amelipia chumba.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwalimu mkuu mstaafu, aliyepasuliwa nyonga siku tatu nyuma. Nyonga ilikuwa salama. Tumbo ndilo lililoasi: lilifura likawambika kama ngoma. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mke wa mwanawe kutwa nzima, na mbele ya mkwe huyo mwalimu alilala kama anayepigwa picha ya kitambulisho, shuka hadi kidevuni.

"Mwalimu, umetoa upepo?" daktari kijana aliuliza asubuhi.

"Hapana, Dokta."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," mwalimu alijibu, macho juu.

Daktari alisikiliza tumbo kwa muda wa kupiga chafya mbili, akaandika kwamba utumbo umepooza baada ya upasuaji. Mgonjwa asile, awekewe mpira puani na dripu, dawa kali za maumivu zipunguzwe, wangoje. Msafiri alikuwa amelisikia neno hilo la mwisho kwa lugha nne, katika ofisi za uhamiaji za kila aina, na hakukumbuka lilipomfaa.

Ila msafiri alikuwa na masikio. Chini ya shuka ile ya heshima kulikuwa na mambo yakipita: madogo, ya kubanwa, ya mtu aliyelelewa vizuri. Akageukia dirishani. Mgeni ni mgeni, akaona hayamhusu.

Alasiri ikaingia zamu ya muuguzi wa miaka hamsini na tisa ambaye wenzake walimwita Sista Dakika. Alianza akiwa mfagiaji wa wodi hiyohiyo, akaingia chuo cha uuguzi akiwa na watoto wawili, darasani na vijana waliomwita shangazi. Jina alilipata kwa sababu madaktari husikiliza tumbo wakiwa wima, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni, lakini yeye huvuta kigoda, hukaa, hufumba macho, na kwa dakika tatu kamili hasemi na mtu.

"Tumbo si simu," alisema mtu alipomcheka, "kwamba lisipopokea mara moja unakata."

Akalisikiliza la mwalimu. Dakika ya pili nyusi zikapanda. Akabonyeza chini upande wa kulia, mwalimu akauma meno.

"Mwanangu," alimwambia mkwe, "nenda jikoni ukaniombee maji ya moto. Usiharakishe."

Mkwe akatoka.

"Haya, Mwalimu. Sisi watu wazima. Upepo?"

"Sista, yule ni mkwe wangu."

"Sijauliza ukoo."

Mwalimu akatupa jicho mlangoni. "Unatoka. Kidogo kidogo. Tangu juzi."

"Watoto wa watu umewafundisha wasiseme uongo miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Bora wao walikuwa na mtihani," Sista alisema, akaenda kumleta daktari.

"Lakini mgonjwa alisema hana upepo," daktari alilalamika.

"Mgonjwa alikuwa na mkwe. Sikiliza, Dokta. Utumbo ukipooza wote, mwembamba na mpana, tumbo hunyamaza kama nyumba iliyohamwa. Ugonjwa huo nakubali, tungengoja. Huu wa leo, utumbo mwembamba unanguruma, upo kazini. Mpana peke yake ndio umefura, na hapa kulia, unapoanzia, ndipo unapouma. Huenda magonjwa yote mawili hayana kilichoziba, lakini huu wa pili ukiungoja sana, utumbo unapasuka. Naomba picha."

Picha ikapigwa. Utumbo mwembamba wa kawaida. Ule mpana, mwanzoni mwake, umetanuka sentimita kumi na moja na nusu; kawaida haupiti tisa. Walipohakikisha hakuna kilichoziba, daktari akamchoma mshipani dawa ya kuamsha misuli ya utumbo, taratibu, mashine ya moyo ikiwa imewashwa, maana dawa hiyo huweza kuupunguzia moyo mwendo. Haikupita robo saa, kikatoka kishindo ambacho hakikuweza kusingiziwa kitanda cha jirani. Tumbo likaanza kushuka.

Mkwe alikuwa amesimama nje ya pazia lililozungushiwa kitanda, na jagi la maji.

"Sista," alinong'ona, "mimi nilikuwa nasikia tangu juzi."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje Dokta kwamba baba yetu anadanganya?"

Sista akamgeukia msafiri. "Na wewe, uliyezunguka dunia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyoishi hapa."

Sista akawatazama wote wawili kama anayehesabu madawati mabovu. Kutoka ndani ya pazia mwalimu akaita kwa sauti ya chini: kwenye faili daktari ameandika nini?

"Ukweli."

"Mkwe wangu anajua kusoma."

"Atakuta mwandiko wa daktari. Hautasomeka."

Zamu ilipokwisha Sista alivaa sweta, akachukua mkoba. Mwalimu alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, shuka imemshuka kifuani wala hajali.

"Kesho hatutakuona?" msafiri aliuliza, mguu wake ukining'inia kwenye kamba.

"Nimepangiwa wodi ya watoto," Sista alisema, tayari yuko mlangoni. "Kule wakijamba, wanacheka."